Fizi Zikivuja Damu, Usiuweke Mswaki Kando

Mwongozo kwa wajawazito, wenye kisukari na wote ambao homoni zao zimebadilika, Kilwa na pwani ya Lindi

Mtu akitema povu la dawa ya meno akaliona lina damu, hufanya moja kati ya mambo mawili. Anauweka mswaki kando ili fizi zipumzike, au anaambiwa kwamba hicho ni kiseyeye, basi ale ndimu na machungwa. La kwanza linamdhuru. La pili halimdhuru, ila linampotezea wakati. Kiseyeye cha kweli huja baada ya miezi ya kukosa vitamini C, kama kilivyowapata mabaharia wa Vasco da Gama walioingia Malindi Januari 1499 wakiomba machungwa. Anayekula embe, ubuyu na mchicha na kukamulia ndimu kwenye samaki wake ni nadra kukipata.

Sababu ambayo haitajwi sana majumbani ni homoni. Mimba, kisukari, balehe, kukoma kwa hedhi, matatizo ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa hubadilisha namna fizi zinavyopambana na uchafu. Mwongozo huu unaeleza kwa nini iwe hivyo, kisha unakupa la kufanya nyumbani na la kusema ukifika hospitali.

Homoni zinafikaje kwenye fizi?

Homoni hutengenezwa na tezi mbalimbali, zikiwemo ovari, kongosho na tezi ya shingo, kisha husafiri kwenye damu. Fizi zina mishipa midogo mingi sana ya damu, kwa hiyo hupata habari mapema.

Lakini shika jambo moja ambalo mengine yote ya hapa chini yanalitegemea: homoni peke yake haziozeshi fizi. Chanzo ni ukoga, utando laini wa bakteria unaojijenga upya ndani ya saa chache baada ya kupiga mswaki, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ukiachwa siku kadhaa huanza kuganda, ukawa mgumu wa rangi ya njano au kahawia, na hapo mswaki hauuwezi tena. Homoni zinachobadilisha ni ukali wa ufizi dhidi ya ukoga huo. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho mwaka jana hakikukusumbua, mwaka huu ukiwa na mimba ya miezi mitano kinakuvimbisha fizi nzima.

Ugonjwa wenyewe una hatua mbili. Ya kwanza ni uvimbe wa fizi: nyekundu, zimejaa, zinatoka damu kirahisi. Hatua hii hupona kabisa. Ya pili ugonjwa umeshuka chini ya ufizi na kuanza kula mfupa unaolishika jino. Hapa ufizi unarudi nyuma, jino linaonekana refu, usaha unatoka, mwishowe jino linacheza. Hatua ya pili inaweza kuzuiwa isiendelee, lakini mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

KISANDUKU: Jikague kwa dakika tatu

Simama dirishani asubuhi, au tumia tochi ya simu na kioo.

1. Vuta mdomo wa juu, kisha wa chini. Ufizi mzima umebana jino na hautoki damu. Ufizi mgonjwa umejaa, unang'aa, una wekundu wa kukoza. Kwa watu weusi ufizi wenye rangi ya kahawia au wenye madoa meusi ni wa kawaida, usikutishe.
2. Tazama nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi. Huko ndiko ukoga mgumu hupenda kuanzia.
3. Bonyeza ufizi taratibu kwa kidole safi. Kuna usaha? Kuna damu?
4. Shika kila jino kwa vidole viwili ulisukume kidogo. Linacheza?
5. Muulize mtu wa nyumbani unayemwamini kama mdomo wako unanuka. Mwenyewe hutaweza kujua.

Onyo kwa wavutaji wa sigara na wanaotumia ugoro: fizi zenu zinaweza kuwa mbovu bila kutoa damu hata tone. Nikotini hubana mishipa ya damu na kuuficha ugonjwa. Kwenu kutotoka damu si ushahidi wa uzima.

Siku 14 za kuanzia

Hili lifanyike nyumbani bila kusubiri miadi, isipokuwa kama una mojawapo ya dalili za hatari zilizotajwa kuelekea mwisho.

1. Nunua mswaki laini. Kuna wanaoamini kwamba mswaki mgumu unasafisha zaidi. Mswaki mgumu hukwaruza ufizi na kulila jino shingoni.
2. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa dawa yenye floraidi. Njia rahisi ya kutosahau ni kuufunga mswaki na ibada au kazi ambayo huikosi: kabla ya udhu wa Alfajiri, na baada ya Isha ukiwa umemaliza kula.
3. Inamisha nywele za mswaki zielekee kwenye ufizi, nusu juu ya jino, nusu kwenye ukingo wa ufizi. Zungusha kwa miondoko midogo. Usikwangue kama unayesugua sufuria.
4. Maliza upande wa ndani. Watu wengi husafisha meno yanayoonekana wakicheka tu.
5. Safisha kati ya meno mara moja kwa siku kwa uzi wa meno. Chelewa za ufagio ziacheni kwenye ufagio: zina ncha, ni chafu, na hupasua ufizi uliovimba.
6. Ukipenda, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Yanatuliza. Hayaondoi ukoga, kwa hiyo hayachukui nafasi ya mswaki.

Wanaotumia mswaki wa mti wasiuache. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuutambua kuwa chombo kinachofaa. Sharti ni kuutafuna ncha hadi uwe nyuzi laini, kuukata ncha mpya mara kwa mara, na kufika ndani na nyuma, ambako kwa kijiti kilichonyooka ni kazi kweli. Mkaa, majivu na mchanga ni habari nyingine: hupendeza macho ya mtazamaji huku vikilila jino.

Siku za mwanzo damu itaendelea, na pengine itazidi. Huo ndio wakati watu wengi wanapoacha. Usiache. Kwa uvimbe wa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikifika siku ya 14 bado inatoka, ukoga mgumu umebaki chini ya ufizi au kuna ugonjwa mwingine, na hapo safari ya hospitali haina mjadala.

Ukiwa mjamzito

Homoni za estrojeni na projesteroni hupanda sana wakati wa mimba. Zinapanua mishipa ya fizi na kubadilisha kinga ya mdomoni. Uvimbe huanza kuonekana mwezi wa pili au wa tatu na huwa mkali zaidi katika miezi ya mwisho, kisha hupungua baada ya kujifungua. Ni jambo linalowapata wajawazito wengi, na kwa sababu hiyohiyo hudharauliwa: "ni mimba tu, itapita." Mimba itapita, lakini ukoga ulioganda hautapita nayo.

Wachache huota kinyama chekundu kati ya meno mawili, kinachotoka damu ukikigusa. Kinatisha, lakini si saratani, na mara nyingi hunywea chenyewe baada ya uzazi. Kionyeshe kwa daktari wa meno. Usikikate, usikifunge uzi, usikipake dawa ya kuunguza.

Mtoto tumboni hachukui kalsiamu kwenye meno ya mama. Meno ya mjamzito huharibika kwa ukoga, kwa kula vitu vitamu mara kwa mara na kwa asidi ya matapishi. Ukitapika asubuhi, sukutua kwa maji matupu, subiri nusu saa, ndipo upige mswaki, kwa sababu asidi hulainisha jino na mswaki hulikwangua likiwa laini. Harufu ya dawa ya meno ikikupa kichefuchefu, anza na mswaki na maji, dawa utaongeza baadaye mchana. Na ule udongo wa kutafuna, mbali na kumaliza damu mwilini, unasaga meno.

Unapokwenda kliniki ya wajawazito na kadi yako, fanya hivi:

1. Mweleze muuguzi kuhusu fizi hata asipouliza. Mwambie: "Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, naomba nielekezwe kwa daktari wa meno."
2. Uliza kama mkojo au damu yako imepimwa sukari. Kisukari cha mimba na fizi mbovu hutembea pamoja.
3. Kwa daktari wa meno, taja miezi ya mimba kabla hujakaa kwenye kiti. Miezi ya 4 hadi 6 ndiyo yenye nafuu zaidi kwa matibabu yaliyopangwa. Jipu au maumivu makali hutibiwa mwezi wowote.
4. Mimba ikiwa kubwa, omba ulalie upande wa kushoto kidogo. Kulala chali kwa muda mrefu hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na kukupa kizunguzungu.

Kusafishwa meno na sindano ya ganzi inayotumika kwa kawaida ni salama kwa mjamzito. Hatari zaidi iko kwenye dawa unazojinunulia. Tetrasaiklini na doksisaiklini hubadilisha rangi ya meno ya mtoto. Diklofenaki na ibuprofeni zisitumike kuanzia wiki ya 20 bila amri ya daktari. Ukienda duka la dawa muhimu, neno la kwanza liwe "nina mimba", hata kama tumbo halijaonekana na hata kama foleni imejaa watu mnaojuana. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo ya kuanzia.

Utasikia kwamba fizi mbovu huleta uzazi wa kabla ya wakati. Tafiti zimeona mambo hayo mawili yakiambatana. Majaribio ya kutibu fizi za wajawazito, hata hivyo, hayakuthibitisha kwamba matibabu hayo yanazuia uzazi huo. Tibu fizi kwa ajili ya mdomo wako na afya yako, hiyo ni sababu ya kutosha, na asikutishe mtu kwa jambo lisilothibitishwa.

Ukiwa na kisukari

Insulini nayo ni homoni. Hapa uhusiano na fizi ndipo ulipo mzito kuliko pote, na kwa maoni yangu ndipo panapopuuzwa kuliko pote. Katika miaka ya 1980, vipimo vilivyofanywa katika vijiji sita vya Tanzania vilikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban asilimia 9 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Wagonjwa hao wanafundishwa kutunza miguu na macho. Midomo yao ni wachache wanaoiuliza.

Sukari iliyopanda huharibu mishipa midogo, hudhoofisha chembe za kinga, hukausha mate na kuchelewesha vidonda kupona. Ndiyo maana mwenye kisukari yuko katika hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya kupata ule ugonjwa unaokula mfupa. Njia ya kurudi nayo ipo: uvimbe wa fizi humwaga kemikali kwenye damu zinazoufanya mwili uikatae insulini, na sukari inapanda. Unakunywa metfomini kwa uaminifu, unaacha soda, na bado kipimo hakishuki. Pengine chanzo kimojawapo kiko mdomoni. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2022, yaliyokusanya majaribio 35, yalionyesha kwamba kutibu fizi kitaalamu hushusha kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kwa wastani wa pointi 0.4 za asilimia. Ni nafuu ya kweli, tena inakuja juu ya dawa zako. Haikuruhusu kuziacha.

Na mlango uko wazi pande zote mbili. Kama hujawahi kupima sukari, na fizi zinavimba zikirudia majipu kila mara, pima. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi inahitaji kurudiwa na kuthibitishwa.

Siku ya kwenda kutibiwa meno:

1. Chagua asubuhi.
2. Kunywa chai na kula kama kawaida, na tumia dawa zako kama kawaida, isipokuwa ukielekezwa vinginevyo. Kosa kubwa ni kuchoma insulini kisha kukaa foleni na njaa.
3. Beba daftari la kliniki ya sukari, kipimo chako ukiwa nacho, na kitu kitamu mfukoni.
4. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuona kiwi, sema papo hapo. Sukari chini ya 3.9 ni dharura ya dakika hiyo, foleni isikuzuie.
5. Kama sukari iko juu mno, daktari anaweza kuahirisha kung'oa jino lisilo na dharura. Amekusaidia, usihamie kwa fundi wa mtaani.

*Mwezi wa Ramadhani.* Kufunga ukiwa na kisukari ni jambo la kushauriana na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, na si wote wanaoruhusiwa. Uliyeruhusiwa, kumbuka kwamba mdomo unakauka mchana kutwa, kisha unapokea tende, kaimati na chai ya sukari kwa pamoja. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, kutumia mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu kwa aliyefunga. Basi ratiba ni nyepesi: mswaki baada ya daku kabla ya adhana, na mswaki tena usiku baada ya futari na tarawehe. Anza futari kwa maji, na vitamu vyote viliwe wakati mmoja badala ya kuvidonoadonoa hadi usiku wa manane. Kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, fungua.

Wengine kwa kifupi

*Mwali.* Homoni za balehe nazo huvimbisha fizi, na wasichana wengine hutoka damu fizini siku chache kabla ya hedhi. Pwani ya kusini bado ina unyago, na neno la kungwi bado lina uzito kuliko la mwalimu wa darasani. Kungwi anayemfundisha mwali usafi wa mwili aongeze na huu wa kinywa.

*Uzazi wa mpango.* Vidonge vya zamani vilikuwa na homoni nyingi na vilivimbisha fizi. Vya sasa vina homoni kidogo na athari yake ni ndogo. Usiache njia yako kwa sababu ya fizi bila kuzungumza na mtoa huduma.

*Kukoma hedhi.* Estrojeni ikipungua, mdomo hukauka, wengine huhisi ulimi unaungua, na mifupa, pamoja na ya taya, hupungua uimara. Bibi mwenye meno yaliyoanza kucheza asiambiwe ni uzee tu.

*Tezi ya shingo.* Ushahidi kuhusu fizi ni mdogo zaidi hapa. Lakini ukiwa unatumia kabimazoli ukapata homa, vidonda vya mdomo au koo kuuma ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe damu, kwani dawa hiyo mara chache huangusha chembe nyeupe.

*Steroidi.* Prednisoloni na deksamethasoni ni homoni za dukani: hupandisha sukari na kudhoofisha kinga. Dawa za kunenepesha zinazouzwa mitaani zinaweza kuwa nazo bila kuandikwa. Uliyezitumia kwa muda mrefu usizikate ghafla, mwone daktari.

Nje ya homoni, ila huchanganywa nazo: fizi zinazokua hadi kufunika meno zinaweza kutokana na dawa za presha kama nifedipini, na wakati mwingine amlodipini, au dawa ya kifafa ya fenitoini. Usiiache dawa. Omba ibadilishwe.

KISANDUKU: Usisubiri siku 14

Nenda mara moja, hata usiku, ukiona:
- uvimbe wa shavu unaoshuka chini ya taya au shingoni
- kushindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua
- homa pamoja na jipu la jino, hasa kwa mwenye kisukari
- damu isiyokoma baada ya kubana kitambaa safi kwa dakika 20

Kufika kwenye huduma

Kwa wa Kilwa, pa kuanzia ni Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Wa milima ya Matumbi wana Hospitali ya Kipatimu. Kwa Lindi mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, na kwa walio bara kidogo ni Nyangao. Kabla ya kulipa nauli, uliza kwenye zahanati yako siku ambazo mtaalamu wa kinywa na meno yupo. Anayetoka Songosongo kwa mashua afunge safari moja: kliniki ya mimba au ya sukari na ya meno siku hiyohiyo.

Beba:
- kadi ya kliniki au daftari la sukari
- dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba
- kadi ya bima, kama unayo
- tarehe fizi zilipoanza kutoka damu

Ukifika, omba kusafishwa ukoga, ikiwemo chini ya ufizi. Wengi huingia wakiomba kung'olewa, na hung'olewa. Kama jino linacheza kidogo tu, uliza kwanza: "Likisafishwa, linaweza kubaki?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Kama kifaa cha kusafishia hakipo hapo, omba rufaa iliyoandikwa.

Kisha omba tarehe ya kurudi. Kwa mwenye kisukari au mwenye ugonjwa uliofika mfupani, marudio huwa kila miezi 3 hadi 6, na mjamzito arudi tena baada ya kujifungua. Iandike tarehe hiyo kwenye kadi ileile ya kliniki, na urudi hata kama damu imekwisha kukoma.